Sanda Yenye Uzi wa Buluu

Inasimuliwa kwamba huko milimani Upare, zama za Wakristo wa kwanza, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Nakijwa, naye alitoa kitu ambacho wewe uliyekaa hapo hungekitoa. Naam, wewe. Haya, bisha! Shule mimi niliiaga mapema, lakini kwa kisa hiki hakuna mwalimu wa kunisahihisha, na asiyeniamini tutakaa hapa mpaka akiri.

Siku hizo kila muumini aliyezeeka alijiwekea sanda. Jumamosi ya kuamkia Pasaka sanda zilitolewa masandukuni, zikafuliwa, zikaanikwa uani, na majirani wakipita wakajua kwamba mwenyewe yu tayari kumlaki Bwana wake. Ya Nakijwa ilikuwa ya kitambaa cheupe cha marekani, pindo lake limeshonwa kwa uzi wa buluu. Aliipata kwa kubeba mawe ya kujengea kanisa misimu miwili, mpaka utosi ukaota upara. Maana mama yake mzazi alikufa mwaka wa njaa, akaachwa kichakani bila hata jani la kumsitiri; na Nakijwa, pamoja na imani yake yote, aliogopa jambo moja tu, kwenda kwa Muumba wake hivyo hivyo.

Jirani yake aliitwa Kajiru. Huyu alizoea kumwibia mjane zamu yake ya maji ya mfereji, hata maharage yake yakakaukia shambani. Na kila Pasaka hakukosa kupita uani kumtania.

“Bibi, bado upo tu? Nguo imechakaa kwa kufuliwa, mwenyewe hujachakaa!”

“Nakungoja wewe unibebe, mwanangu,” hujibu Nakijwa. “Mabega unayo mapana, na kazi huna.”

Mwaka mmoja masika yakapita kiasi. Mlima ukaporomoka, njia ya kushukia dukani kule tambarare ikafukiwa, na homa ikaingia vijijini. Ikamchukua Namsifu, mke wa Kajiru, mwanamke mpole ambaye kwa ujana wake hakuwa na sanda. Waosha maiti wakapita nyumba kwa nyumba. Sanda za wazee zilikwisha kuvaliwa na wenyewe kwa homa ileile. Wakasema basi, marehemu azungushiwe mkeka. Kajiru akakaa kizingitini, kichwa magotini. Nyumba ya Nakijwa ilikuwa hatua ishirini tu, lakini hakwenda. Angekwenda na uso upi?

Habari zikamfikia mjane. Akafungua sanduku, akaikunjua sanda, akaikunja. Akaikunjua tena.

“Ee Bwana,” akasema, “si ungenichagulia basi mtu mwema kidogo?”

Mvua ilinyesha tu. Akamkumbuka mama yake kule kichakani, akalia sana. Kisha akaificha sanda ndani ya kaniki aliyovaa, akatoka nayo mvuani, akaingilia mlango wa nyuma wa Kajiru.

“Msiseme imetoka wapi,” akawaambia waosha maiti.

“Mama Nakijwa, uzi huu wa buluu nani asiyeujua? Na wewe je, siku yako?”

“Mimi Bwana ananijua. Hatanitambua kwa nguo.”

Kajiru aliliona pindo lile kaburini. Baada ya maziko akaja kwa mjane, akapiga magoti matopeni.

“Bibi, maji yako nimeyaiba miaka yote.”

“Umeyaiba, ndiyo. Inuka, uji unapoa.”

Akaapa kwamba njia ikifunguka atamletea sanda nyingine. Njia ikafunguka, akashuka mbio; lakini homa haikumngoja, na aliporudi Nakijwa alikuwa amekwisha kufariki. Akazikwa katika mkeka wake wa kulalia, ule wenye tundu miguuni. Haikushuka nguo kutoka mbinguni. Mabega yaliyombeba yalikuwa ya Kajiru.

Enyi waaminio, aliye na imani hutoa kile anachoogopa kukikosa, humpa asiyestahili, na huenda asilipwe hapa duniani.

Kwetu kisa huishia hapo. Lakini kuna kipande nimekiruka, na leo kinanikaba. Kajiru hakuchelewa. Alirudi Jumanne na marekani mpya, Nakijwa akakata roho Alhamisi. Siku zote hizo nguo ilikuwa sandukuni mwa Kajiru, akingoja Jumapili ampe mbele ya kanisa zima, watu wamwone. Alipokufa, Kajiru aliona haya kuitoa, maana wangeuliza ilikuwa wapi. Akaiacha sandukuni, akaushika mkeka upande wa kichwani, akambeba.

Nimejuaje? Kajiru ndiye aliyemzaa babu yangu. Nguo ile tunayo mpaka leo, haijashonwa pindo. Kila Pasaka tunaifua, tunaianika uani, na majirani wakipita hutusifu. Nasi tunaitikia.