Nyayo Chini ya Mizinga ya Mtemi

Nyayo hutafutwa mchangani, si kinywani. Mmeisikia leo barazani, wajukuu zangu, nanyi mmeniuliza ilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika nchi ya wafuga nyuki, mizinga mitatu ya Mtemi Ilonga ilikutwa imeangushwa kutoka mitini na kupasuliwa, asali yote imekwisha. Kasanda, mlinzi wa mizinga, akamshtaki Nyamizi, mjane aliyeishi kando ya pori. Siku hizo mwizi wa asali alikuwa akifukuzwa nchini, na Nyamizi alikuwa na mama mgonjwa asiyeweza hata kusimama.

Uchungu ni kwamba Nyamizi alikuwa amepita palepale siku ile, akienda kuchimba mizizi ya dawa ya mama yake. Hakugusa mzinga. Lakini mbele ya baraza aliona alivyobanwa: akisema alipita, watasema amekiri, akikana, atakuwa amesema uongo. Kasanda alimhimiza aseme alikokuwa, wazee nao wakamhimiza. Akanyamaza.

"Anayenyamaza amekiri," akasema Kasanda.

Nyamizi akainua uso. "Mtemi wangu, mimi sikumshtaki mtu. Aliyenishtaki ndiye aseme alichokiona. Kinywa changu msikifanye shahidi wake."

Mtemi akamgeukia Kasanda, akamuuliza aliona nini. Kasanda akajibu kwamba aliona mizinga imepasuka. Akaulizwa kama alitazama chini ya miti. Hakutazama.

"Nyayo hutafutwa mchangani, si kinywani," akasema Mtemi. "Twendeni."

Wakaenda wote. Mvua ilikuwa haijanyesha, na nyayo zilikuwa hazijafutika mchangani. Njiani palikuwa na nyayo za mtu aliyepita bila kusimama. Chini ya miti palikuwa na nyayo nyingine, fupi, zenye makucha marefu, na magome yamechanwa hadi juu. Kasanda mwenyewe ndiye aliyetamka, kwa sauti ndogo, kwamba ni nyegere, yule mnyama mla asali. Kisha akamwomba Nyamizi radhi.

Walipokuwa wakirudi, Nyamizi alimwambia Mtemi kwamba zile nyayo za njiani zilikuwa zake. Mtemi akasimama, akamgeukia.

"Ungeniambia asubuhi," akasema, "ningekufukuza."

Tangu siku hiyo akakataza mshtakiwa yeyote kulazimishwa kusema katika baraza lake. Naye Nyamizi akaenda zake nyumbani, kumchemshia mama yake dawa.

Ndiyo maana twasema: nyayo hutafutwa mchangani, si kinywani.