Matanga Yasiyoanuliwa

Niacheni nisuke ukili wangu! Darasa la pili lilinishinda, leo mnaniuliza viti vya wafalme. Haya.

Mfalme alikufa bila mrithi. Kwa desturi, Waziri Shebughe alishika kiti mpaka matanga yaanuliwe, ndipo wazee wachague mfalme mpya. Waziri akatangaza, "Matanga haya hayaanuliwi mpaka nife!"

Wazee wakanywea. Kidawa, mfagizi wa ikulu, akapiga magoti. "Bwana mkubwa, nchi nzima ina majonzi. Niwaite waje kulia kwako?"

"Waite wote!"

Akawaita. Na mwenye matanga ndiye anayelisha waliaji. Mimi nilimlilia mfalme nisiyemjua, sahani tatu kwa siku. Mwezi wa pili, Waziri aliyaanua mwenyewe. Kiti alikiacha, ng'ombe wake tulishawamaliza, na jogoo wake wa mwisho nilimla mimi.