Mti wa Kupimia Mizigo

Mtu mmoja alikuwa na hema. Jina lake Sifueli. Alikata shauri kupanda mlima pamoja na kaka yake Elinami na shemeji yao Ndekirwa, safari ya siku tano, kupita maziwa manne yaliyolala huko juu pasipo nyumba wala moshi. Marehemu baba yao alikuwa mpagazi. Aliwaambia kwamba maji ya ziwa la nne ni meusi na matamu, na Sifueli alitaka kuyanywa kabla magoti yake hayajamkatalia.

Chini ya mlima walikata mti mnyoofu, wakaufunga kamba katikati, wakauning'iniza. Walipima mizigo miwili miwili, wakipunguza huku na kuongeza kule, mpaka mti ukatulia. Elinami akabeba unga na maharage. Ndekirwa akabeba viazi, mafuta na nyama kavu. Sifueli akabeba hema na sufuria. Mizigo ilikuwa sawa. Sifueli mwenyewe alisema ni sawa. Elinami akauchukua ule mti, akaufanya fimbo ya kutembelea.

Kwenye ziwa la kwanza walikula wakashiba. Mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Kwenye ziwa la pili walikula wakashiba, na mvua ikanyesha tena. Unga huliwa. Hema haliliwi, hema hunywa. Kila asubuhi Sifueli alilikunja likiwa limelowa, akajitwika mgongoni, na maji yakamtiririka kiunoni hadi viatuni. Mbele yake wenzake walikwenda wakiimba. Mikoba yao ilikuwa imenywea kama matumbo ya mbuzi wa kiangazi.

Siku ya pili aliwaomba wampokee walau sufuria. Ndekirwa alicheka. "Shemeji, kila mtu na mzigo wake. Si tulipima?"

Siku ya tatu, walipofika kwenye mlango wa mlima, pale njia inapopenya kati ya majabali kabla ya kushukia ziwa la tatu, hawakumngoja. Waliteremka haraka, wakaketi ufukweni. Saa tisa mawingu yakafunga, na mvua ya barafu ikaanza kuwachapa. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba paa lao liko mgongoni mwa mtu waliyemwacha nyuma. Wakamwita kwa sauti, wakimcheka:

"Konokono! Konokono wee! Leta nyumba!"

Sifueli aliwasikia kutoka juu. Mabega yalikuwa yamechubuka mpaka shati limegandamana na ngozi. Aliutua mzigo palepale penye mlango wa mlima, akalisimamisha hema, akaingia, akaketi.

Kule chini kicheko kilikoma. Walikuwa na unga, sufuria hawana. Walikuwa na nyama, paa hawana. Ufukweni hapakuwa na mti wa kujikinga, wala pango. Jua halijazama bado walipopanda tena kwa mikono na magoti, midomo imekuwa ya majivu.

"Mdogo wangu," Elinami alifoka, "umetaka kutuua?"

Sifueli akatoka, akasimama mlangoni pa hema lake, akanyoosha mkono.

"Kaka, nipe huo mti tupime tena."

Mvua iliwapiga wote watatu. Ndekirwa aliutazama mkoba wake uliosinyaa, akautazama na wa Elinami, kisha akainamisha macho. Elinami hakuutoa mti. Aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akasema kwamba walishapima, kwamba wote walishuhudia, kwamba mapatano ni mapatano.

Enyi mnaotuapia kila mwaka kwamba mizigo iligawanywa sawa siku ile ya kwanza, mbona mmeukumbatia mti?