Paa Aliyeingia Ghalani mwa Bibi Tumadhiri

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la kusini mwa Yemeni aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Tumadhiri binti Jahdari. Alilima mtama kwa mikono yake. Kila mwisho wa kiangazi, majani ya mikomamanga yanapopukutika, aliwaachia tombo na njiwa pori mstari wa mwisho wa shamba, akisema, "Nao wana riziki yao humu, haikupitia kwangu bure."

Asubuhi moja, mtama umeiva na mundu umekwisha kunolewa, paa jike aliruka ua wa miiba, akapasua katikati ya mashuke, akajitupa ndani ya ghala. Mbavu zilimpwita, povu limemjaa mdomoni. Bibi Tumadhiri alimtazama mwili mzima asione hata tone la damu. Akaufunga mlango, akasimama mbele yake.

Haukupita muda, farasi saba wakafika. Mbele yao alikuwa Haushabi, liwali wa bonde lile, mtu ambaye watu walimwinamia hata kabla hajashuka farasini.

"Ewe mwanamke, paa wangu amepita hapa?"

Neno moja tu, "sikumwona", lingewafanya wote wapite kwenda kumtafuta kwingine, na shamba lingesalimika. Lilimfika hadi kwenye meno, akalimeza.

"Paa yumo ghalani, ewe Liwali. Lakini kwamba ni wako, hilo silijui. Mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka anaswe au ajeruhiwe. Kama mshale wako ulimpata, apa kwa Mola wako, nami nitamtoa kwa mikono yangu."

"Ulimpata!" akadakia mmoja wa wapanda farasi, kijana aitwaye Dhuaibu. "Nimeona kwa macho yangu!"

"Sikukuuliza wewe, mwanangu. Namuuliza aliyevuta upinde."

Haushabi akainua mkono aape. Kisha akaushusha. Alikuwa dhalimu, lakini kiapo alikiogopa. Na haya ilipomzidi, ikageuka ghadhabu.

"Wajua naweza kuuvunja mlango huo?"

"Najua. Nawe wajua kwamba utapita juu yangu kwanza, na atakayekuuliza habari hiyo sitakuwa mimi."

Hakuthubutu. Akageuza farasi, akawaamuru wenzake waupitie mtama. Wakaupitia kwenda na kurudi, kwato zikizamisha mashuke udongoni, tombo wakiruka kwa kelele kila upande, mpaka shamba likalala kama jamvi. Bibi Tumadhiri hakulia mbele yao, wala hakusogea hata hatua moja. Walipotokomea ndipo alipoketi chini akalia.

Kisha akafungua mlango. Paa akatoka, akakimbilia mlimani.

Jirani yake, Bibi Rababu, akaja mbio, mikono kichwani. "Dada yangu, umejifanyia nini? Uongo mmoja tu, tena wa kumhurumia mnyama, ungeyaokoa mavuno yako yote!"

"Rababu, shamba likikanyagwa hulimwa tena. Ulimi wangu ukishazoea kuwaogopa watu, nitaulima kwa jembe gani?"

Akafunga kibwebwe, akainama kuokota mashuke, moja moja. Siku ya tatu akamwona mtu akija kwa miguu. Alikuwa Dhuaibu. Akasimama nje ya ua, macho chini.

"Mama, ule mshale haukumgusa. Nilisema uongo."

"Najua."

"Na farasi wangu alikanyaga pamoja na wenzake. Nimekuja kuokota."

Bibi Tumadhiri akanyoosha kidole. "Kapu lile pale," akasema.

Wakaokota siku ile na zilizofuata. Kilichopatikana hakikufika theluthi ya mavuno. Bibi Tumadhiri alikila mwaka mzima kwa kukibana, na siku ambazo hapakuwa na kitu, alinuia saumu. Ama Haushabi, wako waliosema kwamba tangu siku ile hakuingia shamba la mtu bila kubisha hodi, na wako waliosema hakubadilika. Mola ndiye Ajuaye.

Enyi ndugu zangu katika imani, wengi wetu tukisikia neno subira hudhani ni kuinamisha kichwa. Bibi huyu, Mola amridhie, alisubiri akiwa amesimama wima mlangoni pake.