Mgeni wa Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, sogeeni nisipige kelele, palikuwa na nchi ya Ngedere na nchi ya Viboko. Daktari wao wote alikuwa Kobe. Ukimwita leo, anafika mgonjwa amepona mwenyewe au ameshazikwa! Basi Kobe akaanza kutibu kwa simu.

Ngedere wakaipenda siku ileile. Viboko wakaitupa matopeni, chubwi!

Kisa? Kwa Viboko, huulizwi ugonjwa kabla hujasalimiwa wewe, mkeo, wanao na bwawa lako. Simu ya Kobe ilisema tu, "Taja ugonjwa!"

"Haina adabu!" akanguruma Mzee Kiboko.

Mara mwanawe, Chembe, akashikwa na tumbo la kuendesha. Pruuu! Pruuu! Macho yakamwingia ndani.

"Baba Chembe, mtoto anakwisha! Tupige simu," akalia mkewe.

"Siongei na kitu kisichosalimia!"

Jirani yao Nguchiro, mdogo kama kiatu, alisikia. Akampigia Kobe, akamnong'oneza. Kisha akaifunga simu yake kilemba, akaivika kanga, akaja nayo mgongoni.

"Hodi! Nimewaletea mgeni, bibi mmoja toka mbali. Ana haya, hafunui uso."

"Karibuni!" Kiboko akamkalisha bibi kwenye kigoda na kumwekea bakuli la uji.

"Hujambo, Mzee Kiboko?" sauti ikatoka kwenye kanga. "Mama Chembe hajambo? Bwawa nalo lina maji?"

"Sote salama, bibi! Bwawa limejaa!"

"Na Chembe?"

Kiboko akaangua kilio. "Chembe anaharisha, bibi yangu! Tangu jana!"

"Maji yaliyochemshwa, yakipoa tia sukari na chumvi kidogo. Mnyweshe kidogokidogo, msichoke."

Wakamnywesha usiku kucha. Asubuhi Chembe akafumbua macho. "Mama, njaa!" Akauvamia uji wa bibi, akavuta kanga, vuup! Simu ikabaki uchi kwenye kigoda.

Nguchiro alikuwa ameshafika mlangoni, tayari kutoroka.

"Nguchiro! Umenifanya nikaribishe simu uji?"

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

Kiboko akamtazama mwanawe akilamba bakuli. Machozi yakamtoka, kicheko kikamtoka, hoo-hoo-hoo!

"Mkeo hajambo, Kobe?" akaiuliza simu.

Na ninyi, wanangu, mkipeleka jambo jipya kwa watu, anzeni kwa kuwasalimia kama wanavyosalimiana wao.