Ua la Mfalme na Kibofu cha Fisi

Mwaka huo mvua iliisusa mbuga, na kikabaki kisima kimoja chenye maji ya kugombewa. Kila mnyama alipewa kata yake asubuhi, akashukuru, akaenda kuigawa nyumbani kwake. Wakati wenye akili zao wakiwaza watatoboaje mpaka masika, Simba alikuwa akiwaza maua.

Shemeji yake wa ng'ambo ya mto alikuwa na bogonvilia mlangoni, lile ua la zambarau lenye miiba linalotambaa ukutani na kumringia kila mpita njia. Mwisho wa kiangazi shemeji huyo angekuja kutembea, na bogonvilia ya Simba, aliyoimwagilia kila siku kwa mgao wake, ilikuwa majani matupu. Simba hakuwa tayari kuaibishwa na mti.

"Kila nyumba itoe nusu ya maji yake kwa ajili ya ua langu," aliunguruma. "Nani anajua kulitunza?"

Fisi, ambaye hajawahi kupanda hata mchicha, alinyoosha mkono swali halijaisha. "Mimi, Mfalme! Kazi hii tumezaliwa nayo ukoo mzima. Ila ua hili lina haya, halimwagiliwi mbele za watu. Niachieni mtungi, mwende zenu."

Sungura alitoa nusu yake huku roho ikimuuma. Watoto wake walikuwa wakilamba umande kwenye majani, na yule mdogo alishaanza kulala mchana kutwa, hana hata nguvu za kulia.

Ajabu ni kwamba ua lilichanua. Lilichanua mpaka ukuta haukuonekana. Simba alimtawaza Fisi kuwa Mtunza Bustani Mkuu, kisha akaongeza kiwango cha maji ya kutolewa. Sungura alirudi nyumbani na kata iliyolowa tu.

Siku moja, akitafuta mizizi ya kutafuna nyuma ya kichuguu, Sungura alikanyaga dimbwi. Akaruka kwa furaha, akainama anywe, pua ikamkataza. Ulikuwa mkojo. Tena mkojo mwingi, wa mtu aliyeshiba maji, wakati mbuga nzima ilikuwa ikikojoa matone na kuomba radhi. Mbele kidogo akamwona Fisi anatoka kichakani anaimba, tumbo linaning'inia.

"Kaka Fisi, tumbo hilo vipi? Mimba?"

"Gesi tu, Bi Sungura," Fisi alijibu, akacheua maji. "Si unajua njaa inavyojaza gesi."

Sungura alikwangua ardhi kwa hasira. Maji ya mwanawe yalikuwa mle tumboni! Lakini angemshtaki vipi? Simba angemwonyesha maua tu. Ndipo akakumbuka gofu la nyumba lililo nyuma ya kilima, alikokuwa akijificha utotoni. Bogonvilia ya pale haikuwa na mwenyewe. Kiangazi, kwa kiu yake, ilichanua ikaziba mlango. Masika, ikishiba maji, ilidondosha maua na kubaki majani. Kumbe wizi wa Fisi ndio uliomfanya bingwa! Sungura alicheka mpaka masikio yakamfunika uso, kisha akaenda kwa mfalme.

"Mfalme, shemeji yako akija ataona ua, lakini bingwa hatamwona. Fisi na amwagilie hadharani kila asubuhi, sisi tukipiga vigelegele. Sherehe kama hiyo kwake haipo."

Simba alitabasamu, akajiona tayari yuko kwenye sherehe.

"Na haya ya ua je?" Fisi, aliyekuwa pale ukutani na mtungi wake, aliuliza haraka.

"Ua langu linionee haya mimi?" Simba alifoka. "Litazoea!"

Basi kila asubuhi Fisi alimwaga mtungi mzima shinani huku akimeza mate, na mbuga nzima ikishangilia. Sungura ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote, ingawa kila tone lililozama ardhini lilimchoma moyo. Haukupita muda, maua yakaanza kupukutika. Shemeji alipokaribia kufika, ukutani hapakuwa na ua hata la kusingizia.

Simba alimkwida Fisi shingoni. "Umeniulia ua langu! Sasa nakutafuna wewe!"

"Mfalme, maji ndiyo yanayoliharibu!" Fisi alilia. "Halitaki maji kabisa! Mbona lilichanua vizuri nilipokuwa nakunywa mimi?"

Wanyama wote wakamgeukia.

"Samahani, kaka," Sungura alisema taratibu. "Ulipokuwa unafanya nini?"

Fisi aliuziba mdomo wake kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo alipewa kazi ya kusambaza maji nyumba kwa nyumba, mtungi shingoni na mdomo umefungwa kamba. Michango ya ua ilifutwa. Simba, ambaye kukosea hakujui, alimwambia shemeji yake kwamba maua yamepitwa na wakati, siku hizi waungwana wanafuga majani.

Mtoto mdogo wa Sungura alikunywa akashiba, akakimbia mpaka mlangoni kwa mfalme, akakojoa kwenye shina la bogonvilia. Hakuna aliyemkataza.

Nami naishia hapo, na neno moja tu: ukikutana na bingwa wa uongo usibishane naye, mpe kazi anayojisifia aifanye watu wakitazama.