Kabati la Kijapani na Wari Watatu

Haya, sogeeni, na anayetafuna karanga atafune taratibu. Leo nina kesi imenishinda, na mimi si mtu wa kushindwa ovyo.

Mzee Shaame wa Mwanakwerekwe, Unguja, alikuwa akiuza samani kuukuu za Kijapani, zile zinazoletwa na makontena: vitanda, makabati, meza fupi za kulia watu wameketi chini. Alikuwa na binti watatu. Mkubwa, Time, alijaaliwa pua. Mfunge kitambaa machoni, umpe ubao, atakwambia huu mninga, huu mvinje, na huu ulilala ghala moja na dagaa. Wa kati, Kazija, alijaaliwa vidole, hakuna kitasa kilichowahi kumgomea. Mdogo, Mize, alijaaliwa sikio. Alikuwa akiligonga papai anajua limeiva upande gani.

Na wote watatu, msalieni Mtume, walikuwa wameposwa na harusi zimepangwa siku moja! Nyumba haikaliki kwa vigelegele. Ila Kazija alikuwa na lake moyoni. Wenzake wanaolewa mtaa wa pili tu, na yeye anavuka kwenda Pemba kwa watu asiowajua. Alitamani aingie ukweni na kitu cha kwa baba yake, akiamka akione. Lakini baba wa harusi tatu humwombi makubwa, basi akanyamaza.

Siku hiyo likafunguliwa kontena. Kutoka nyuma kabisa likashushwa kabati la droo, jeusi kwa moshi, vyuma vimeshika kutu. Mzee Shaame akasonya.

"Na hili nalo limefuata nini huku? Leteni vanishi."

Ndiyo desturi ya kazi ile. Kisichong'aa hakinunuliwi, kwa hiyo kila kitu hupigwa msasa, kikapakwa vanishi, kikabandikwa vishikio vya kumeremeta. Brashi ikachovywa.

"Baba, simama! Usipake!" Time alikuja mbio, akaitia pua ndani ya droo mpaka masikioni. "Huu si ubao wa maranda na gundi. Huu ni mti hasa, mwepesi, mkavu, tangu nizaliwe sijapata kuunusa! Na huu si uchafu, ni moshi wa jikoni wa miaka na miaka. Ukiupaka umeuua."

Brashi ilikuwa imebakiza shubiri moja. Mzee akaiweka chini huku ananung'unika.

Mize naye akaanza kugonga. Droo ya juu, ko. Ya pili, ko. Ya tatu, du!

"Mmesikia?"

"Tumesikia unagonga," baba yake akasema.

"Nyuma ya hii pana uwazi! Wameikata fupi makusudi. Kuna chumba ndani ya chumba!"

Mzee Shaame, mtu wa papara yule, tayari ana nyundo mkononi.

"Weka nyundo, baba, nakuomba," Kazija akasema, akaichomoa droo ya tatu, akapiga magoti. Kabati zima halina msumari, mbao zimeumana zenyewe. Akafumba macho, vidole vikatambaa gizani mpaka vikakuta kijiti kinachocheza kidogo. Akakisukuma, akakiinua, akavuta. Kikatoka kidroo cheupe kana kwamba kimechongwa jana, na ndani yake kitana cha mbao chenye nakshi ya maua.

Loo, kelele zilizopigwa! Bi Nakagawa, Mjapani aliyehamia mtaani kusomea milango ya nakshi, akaja na ndara moja mguuni. Alipokiona kitana na kusimuliwa yote, alikaa chini palepale.

"Mzee Shaame, kitana hiki ni cha bibi harusi, na hili ni kabati la mwari! Kwetu zamani mtoto wa kike akizaliwa, baba yake alipanda mti. Akiolewa, mti ule ulikatwa akachongewa kabati la kwenda nalo kwa mume. Mngelipaka vanishi, lingeharibika. Msingeusikia uwazi, mngeliuza la kuwekea viatu. Na kwa nyundo, mngebaki na vipande. Lilivyo sasa, kontena lenu zima halilifikii!"

Madalali wakaanza kusogea. Mzee Shaame akawafukuza kwa brashi.

"Siuzi! Nina wari mimi! Wanangu nilipowazikia vitovu nilipanda minazi, na mnazi hautoi kabati. Leo Mungu ameniletea lililokwisha kuchongwa. Nasema mbele yenu, litakwenda na mwari aliyeliokoa!"

Alipomaliza kusema, akawatazama mmoja mmoja, na furaha ikamkauka usoni.

"Ni mimi," Time akasema. "Bila pua yangu mngekuwa mnasubiri vanishi ikauke. Na mimi ndiye niliyesemwa mtaani kwa kuchelewa kuolewa, au mmesahau?"

"Bila sikio langu mngenusa mpaka kesho," Mize akadakia. "Na tangu nizaliwe navaa nguo zenu mlizozichoka. Chochote kipya sijapata, hata kama upya wake una miaka mia!"

Kazija alitaka kusema bila vidole vyake kungekuwa na nini. Yaliyomtoka ni haya: "Mimi nakwenda mbali, jamani."

"Umbali si kazi, mdogo wangu," Time akamjibu, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

"Basi wagawane droo!" dalali mmoja akapayuka.

"Likitenganishwa si kabati tena," Bi Nakagawa akasema.

Mzee Shaame akajifuta jasho. "Kazija, wewe ndiye uliyelifungua. Nifungulie na hili. Utakayemtaja ndiye mwenyewe, na asinung'unike mtu."

Ebo! Baba gani huyu? Akijitaja, atakwenda Pemba na kabati na kuwaacha ndugu wawili nyuma wakimkumbuka kwa uroho. Akimtaja mwingine, atavuka mikono mitupu, na vidole vyake ndivyo vilivyolifungua. Ndugu zake wanamtazama, na machozi yanamlenga.

Wewe unayejifanya hukusikia, weka karanga chini unijibu. Je, ungekuwa Kazija, ungetaja jina la nani?